Boti Mbili Kwenye Yadi ya Riruta

Mjukuu wangu ni nahodha. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kisumu Ndogo, mtaa wa Kibera, ninapouza omena, wale dagaa wa ziwani, watu wakisikia nina mjukuu wa kike ziwani wanadhani ameolewa na mvuvi. Hajaolewa na mtu. Ana cheti cha kuendesha boti chenye picha yake amekunja uso, na nakala yake nimeitundika juu ya kitanda changu, pale wengine wanapotundika kalenda ya kanisa. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Maneno ya cheti siyamalizi, lakini ule uso naujua.

Kazi yake ni kuvusha wagonjwa kutoka visiwani kuwapeleka hospitali ya bara. Zamani alikuwa akikodi boti ya kawaida, yenye propela nyuma. Mwaka jana magugu maji yaliifunga ile propela kama uzi unavyofunga mguu wa kuku. Ndani ya boti kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mjukuu wangu akaruka majini na kisu. Akakata, akakata, upepo ukaleta mengine. Walipofika nchi kavu jua lilikuwa linazama. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku hiyo hakutaka tena kusikia habari za propela. Akaniambia kuna boti za jeti, hazina kitu kinachoning'inia nje. Zinanyonya maji kwa tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu, na zinafika hadi mchangani kabisa, kwa hivyo mgonjwa habebwi mgongoni mwa mtu kupita majini. Nikauza vyumba vyangu viwili vya mabati nilivyovijenga mwenyewe. Sikuomba ushauri wa mtu. Watu wa visiwani walikuwa wamempa mpaka Jumatatu. Asipokuja na boti yake, kazi ingeenda kwa mwingine mwenye propela ileile, na magugu yaleyale yangemngoja.

Tulienda kuziangalia Alhamisi. Yadi iko Riruta, ukishatoka tu Kawangware, imebanwa kati ya mafundi wa milango ya chuma na kanisa la turubai. Ndani mlikuwa na boti mbili za jeti juu ya trela zake, zimekauka, zinashangaza kama ng'ombe aliyepandishwa juu ya paa. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, rangi imepauka, ilitoka kwenye hoteli ya kitalii iliyofungwa. Ya pili ilikuwa mpya kiasi. Tajiri mmoja aliinunua kuchezea, akachoka.

Mwenye yadi alikuwa mwanamume mnene kidogo, viatu vyake safi kuliko kazi yake.

"Niaje, shosh," akaniambia, kama vijana wanavyomsalimia nyanya wa mtaani.

"Wewe na mimi hatujafika kwa niaje. Tuonyeshe boti."

Akacheka, akatupeleka moja kwa moja kwa ile mpya. Mjukuu wangu akaizunguka bila kusema kitu, na hapo nikajua ameipenda. Ilikuwa na kioo kinachoonyesha kila kitu, viti vya ngozi, kila mahali pamefunikwa vizuri, huoni hata msumari. Ya zamani ilikuwa imeachwa matumbo wazi. Mabomba yanaonekana, nyaya zinaonekana, na nyuma ya kiti cha mwisho kulikuwa na mfuniko wa chuma wenye nati mbili za masikio, zile unazofungua kwa vidole.

"Huu mfuniko ni wa nini?" nikauliza.

"Hapo ni pa kuingiza mkono kutoa takataka zikikwama kwa pampu. Ni mambo ya kitambo, mathe. Hii mpya haihitaji. Unabonyeza hapa, pampu inazunguka kinyumenyume, inatapika yenyewe."

"Bonyeza nione."

"Inafanya hivyo ndani ya maji tu."

"Basi hujanionyesha kitu."

Mjukuu wangu akanivuta mkono. "Dani, wacha mtu aongee." Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipofika nyumbani vita vikaanza. Mimi nilikuwa upande wa boti ya zamani. Nilifanya kazi ya mashine ya kusaga unga miaka mingi kabla sijaingia kwa omena, na najua jambo moja: kitu chochote kinachokula lazima siku moja kitakwama, na kikikwama unahitaji mahali pa kupitisha mkono. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba akili yake imeibwa na viti.

"Injini ya ile ya zamani ni mzee kuliko mimi," akasema. "Magugu nitayatoa kwa mkono, sawa. Injini ikizima katikati ya ziwa, huo mkono niuingize wapi?"

Nikamwambia ale.

"Sitaki kula. Nataka unijibu."

"Wewe mke mwenzangu, nimekuzoeza vibaya." Sisi wanyanya ndivyo tunavyowatania wajukuu wa kike, tunawaita wake wenza. Kwa kawaida hucheka. Siku hiyo hakucheka. Alikaa akiitazama sahani, kisha akasema polepole, "Nikikosea hapa, Dani, nitazika mtoto mwingine wa mtu."

Nikaiondoa sahani yake.

Ijumaa asubuhi niliteremka Dam, lile bwawa lililo chini yetu hapa Kibera. Maji huyaoni. Ni magugu maji matupu, mabichi kama sukuma, na pembeni watu wamelima nduma. Nikamlipa mkulima mmoja anivunie gunia zima, na mizizi yake, ile inayofanana na nywele zilizolowa. Mwenye boda boda hakutaka kulibeba.

"Mathe, umeweka maiti humu? Linatiririka."

"Ni mtihani," nikamwambia. "Endesha."

Nilipofika yadi mjukuu wangu alikuwa ameshatangulia. Mwenye yadi akatuambia bila kupepesa macho kwamba mchana kuna mteja anakuja, na hajui atachukua ipi. Kisha akaliona gunia.

"Shosh, leo umetuletea mboga?"

"Nimeziletea boti zako. Zishinde njaa ya nini?"

Nikatandika katoni, nikalala chali chini ya ile boti mpya. Ndiyo, mimi, na magoti haya. Chini ya jeti kuna mdomo wenye vyuma vilivyopangwa kama vya dirisha, hapo ndipo inaponyonyea maji. Nikashindilia magugu kati ya vile vyuma kwa fimbo mpaka fimbo ikakataa kwenda. Nikafanya hivyohivyo kwa ile ya zamani. Maji ya Dam yalinimwagikia shingoni, na harufu yake ni ya kila choo cha Kibera. Nikatoka, nikajipangusa.

"Sasa sikilizeni. Kuanzia hapa, chini ya trela ni ziwa. Atakayeinama amezama. Wewe mama nahodha, una mgonjwa ndani. Nitolee haya magugu."

Mwenye yadi alikuwa ameacha kucheka. Mjukuu wangu alinitazama kwa hasira, kisha akapanda boti mpya. Alitafuta njia. Akainua viti, akafungua sanduku la nyuma, akakuta ukuta wa plastiki. Akaufungua kwa bisibisi, nyuma yake akakuta mwingine, na huo ulitaka spana ambayo mwenye yadi hakuwa nayo. Jasho lilimtoka. Kwenye kanisa la turubai walikuwa wakifanya mazoezi ya kwaya, wanarudia ubeti mmoja, wanakosea palepale.

"Hapa ningekuwa nangoja kitufe tu," akasema mwishowe. "Kikikataa, niko chini na kisu tena."

"Hakikatai," mwenye yadi akasema.

"Umewahi kukijaribu?"

Akakifuta kiatu kimoja nyuma ya suruali.

Akahamia boti ya zamani. Nami nikapanda, nikasimama karibu na usukani nimwone vizuri. Akazungusha zile nati kwa vidole, mfuniko ukatoka. Akalala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, akazamisha mkono mpaka begani. Nikasikia magugu yakikatika kule ndani. Akatoa bonge la kwanza, akatoa la pili. Nilifurahi, sitadanganya. Nilisimama pale nikijiona nimeshinda, nikawa hata natafuta maneno ya kumtambia baadaye.

Mwenye yadi naye aliona ile mpya inamponyoka, akaona auze ya zamani. Akaruka ndani, akaketi kwenye usukani; kiti cha mwisho kilimficha mjukuu wangu, nadhani akaona ameshamaliza.

"Na injini mnayoiita mzee, sikieni inavyowaka," akasema. "Sekunde mbili tu, haiharibu kitu."

Ufunguo ulikuwa umechomekwa tangu asubuhi.

Boti ya namna ile haina gia ya kupumzika. Injini ikiwaka, mapanga ya ndani ya pampu yanazunguka papo hapo. Mjukuu wangu alikuwa amelala na mkono mzima humo ndani, sikio moja kwenye sakafu, kwaya inaimba, hakusikia neno. Niliona vidole vya yule mtu vinashika ufunguo. Nilimrukia, nikamshika kiganja kwa mikono yangu miwili na kukipinda kwa nguvu zangu zote, na kama kingeteleza ningekitia meno. Ufunguo ukachomoka na vidole vyake.

"Mathe, nini?" akasema.

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akageuka, akaona miguu ya mjukuu wangu, mgongo wake, bega lililoishia kwenye tundu. Akakaa vilevile, mkono hewani.

Mjukuu wangu akauvuta mkono wake taratibu, bado ameshika magugu. Akatutazama, akautazama ufunguo. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Nikakaa palepale kwenye maji machafu. Na hapo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, hata kwa marehemu mume wangu. Kwenye ile mashine ya kusaga, kulikuwa na mwanamke tuliyefanya naye kazi zamu moja. Siku moja mahindi yalikwama, akaingiza mkono. Mimi nilikuwa upande wa pili wa injini, foleni ya wateja inapiga kelele, nikadhani ameshamaliza. Nikawasha. Alipoteza vidole vinne. Watu wote waliambiwa kwamba mkanda uliteleza, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo, ili nisifukuzwe. Baada ya hapo mwenye mashine aliweka sheria: anayeingiza mkono ndiye anayekaa na mpini wa kuwashia, auweke chini ya kwapa au kifuani, popote, lakini awe nao yeye. Nilikaa na sheria hiyo miaka yote. Na asubuhi ile, kwa kutaka kushinda ubishi, nilimlaza mjukuu wangu juu ya tundu na ufunguo nikauacha mahali pake.

"Chukua mpya," nikamwambia. "Nimekosea. Chukua ile isiyo na tundu, twende zetu."

Mwenye yadi alishuka, akaenda kusimama getini, akitupa mgongo.

"Hapana," akasema mjukuu wangu. "Hii nimeona mahali inapoweza kuniumiza. Ile nyingine imenificha."

"Na injini?"

"Injini tutaifungua."

Na kweli waliifungua. Alimwita fundi wa Kawangware anayetengeneza jenereta, wakashinda mchana kutwa wakitoa plagi, wakipima mafuta, wakiiacha ipoe kabisa na kuiwasha tena huku wakiinyunyizia maji ya mpira. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikakohoa, ikashika. Mara ya tatu ikashika mara moja. Fundi akasema pampu ya mafuta imechoka, ibadilishwe, mengine yatavumilia. Kuvumilia hadi lini hakusema, nasi hatukumuuliza. Mteja wa mchana alikuja, akaichukua ile mpya kwa furaha. Mjukuu wangu akadai makasia mawili na injini ndogo ya akiba, na mwenye yadi alitoa vyote bila kubishana. Nadhani siku hiyo angetupa hata geti lake.

Jumamosi asubuhi lori lilikuja kuivuta. Mjukuu wangu alikaa mbele karibu na dereva, ufunguo ameufunga kwa kamba ya kiatu shingoni. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nikamwambia asimruhusu dereva kukimbia kwenye matuta.

Sasa anavusha watu kila siku. Hapa sokoni wanawake wenzangu wanaponisifu kwamba nilimchagulia boti nzuri, mwanzoni nilikuwa naitikia na kujaza pakacha la sifa. Siku hizi nawaambia ukweli: mimi nilichagua ile nyingine, na kwa uoga. Yeye ndiye aliyechagua hii. Saa za kazi yake simpigii simu kamwe, maana huenda ndiyo saa amelala kifudifudi na mkono ndani. Nangoja apige yeye. Naweka simu juu ya meza, pembeni ya omena, na mteja akiichelewesha mikono yangu kwa kubishana bei, nampimia haraka ili aende, simu ikilia nisichelewe kuishika.