Ukungu Unaoonekana Kutoka Maore

Mwalimu wa Kiswahili hafungui kalamu nyekundu kabla ya kujifuta chaki kwa leso, kidole kimoja kimoja. Wazo kuu la shairi la ukungu milimani, hufundisha kila mwaka, ni uzuri wa nchi. Katika mtihani, mwanafunzi wake Irine aliandika: "Wasiwasi." Mwalimu akamkosesha; bila alama za swali hilo angefeli.

"Mwalimu, huyu anayesema katika shairi yuko bondeni kama sisi wa Maore," Irine alilalamika. "Anatazama ukungu akijiuliza kama ndiva, bwawa la juu, itajaa, zamu yake ya maji ifike. Ninyi wa juu mnauona mzuri kwa kuwa mnamwagilia kwanza!"

Darasa likacheka. Mwalimu, mzaliwa wa hukohuko juu, akalisoma shairi tena, akigonga mizani mezani. Mizani ilitimia, maana ikamponyoka. Akaweka alama ya vema kwenye jibu la Irine, akaikata, akaiweka tena. Kisha akatoa leso, akafuta vidole visivyo na chaki.