Maiki Iliyobandikwa Nguzoni

Kwa miaka thelathini na mmoja alinyoosha nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na baba yao, hata jina alilopewa na wazazi likamtoka, akabaki Pasi. Alipima moto kwa kulamba kidole na kukigusa chuma, na kati ya hivyo viwili, chuma ndicho kilichotangulia kujitoa.

Nguo zikiwa tayari hakumtuma mtu. Alisimama mlangoni akaita, "Mwalimu! Suruali zako!" na mwalimu, mtaa wa tatu kutoka hapo, akaangusha chaki. Siku moja alimwita fundi viatu, wakaja na majirani wanne wasiohusika, kwa usalama wao tu. Lakini mwaka ule sauti ilimkauka. Ikabaki kama ya chura aliyemeza mchanga, na mashati yakarundikana hadi dirishani yakisubiri wenyewe.

Basi akaenda kwa fundi redio, akanunua mfuko wa vipande vya kujiundia maiki.

"Isiwe unatarajia sauti ya redioni, mama," fundi alimwonya. "Hii inakwaruza kidogo."

"Na mimi nakwaruza. Tutaelewana."

Mfukoni mlikuwa na kisahani chembamba cha shaba, kama sarafu, nyaya mbili, kibao cha kukuza sauti, kishikio cha betri, spika isiyozidi kifuniko cha sufuria, na karatasi ya picha. Pasi hakwenda shule, lakini picha haina haja ya shule. Aliazima chuma cha kulehemu, na kwa mkono uliozoea pasi ya kilo tatu, kale kachuma kama kalamu kalimchekesha. Tone la kwanza la risasi iliyoyeyuka lilidondokea meza, la pili gauni, la tatu likakaa palipotakiwa. Waya mwekundu huku, mweusi kule. Kufikia saa nne asubuhi alibakiwa na picha moja.

Picha hiyo ilionyesha kisahani kimebandikwa kwenye tumbo la gitaa. Pasi hakuwa na gitaa. Alikuwa na nguzo.

Nguzo yenyewe ilisimama hatua moja kutoka meza ya pasi, nene, imepakwa rangi ya kijani. Ilitoka sakafuni ikatoboa paa, na juu huko, pamoja na wenzake watatu waliosimama nje, ilibeba tangi la maji la nyumba nzima. Aliyeisimamisha alikuwa mdogo wa Pasi, seremala, ambaye watu walimwita Randa. Randa aliishi vyumba vya nyuma na mkewe, na kwa miaka tisa hakupita karibu na nguzo ile bila kuipiga kofi la mapenzi. "Huyu, mchwa akimwonja," alikuwa akisema, "atatafuta daktari wa meno." Kwa neno hilo aliuza vitanda na milango kwa nusu ya mji.

Pasi akapaka gundi, akabandika kisahani nguzoni usawa wa mdomo wake, akaingiza betri, akasafisha koo.

"Fundi viatu, koti lako tayari!"

Spika haikusema koti wala fundi. Visahani vya namna ile havisikii maneno yanayopita hewani. Vinasikia kile kilichogusana navyo. Na spika ikasema: *kwaru, kwaru, kwaru-kwaru-kwaru.*

Pasi alidhani ni pasi ya umeme. Akaichomoa. *Kwaru, kwaru.* Akazima redio, akafukuza nzi, akabana pumzi. Ilikuwa kama watu mia wanakula mkate mkavu kwa siri. Akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole.

Kimya.

Halafu kutoka ndani ya mti: *trrrrrr!* Nguzo ilikuwa imemjibu.

Pasi alirudi nyuma hadi makalio yakakuta rundo la mashati, akaketi juu yake bila kujua. Akainuka, akagonga tena, taratibu, kama anayebisha nyumba ya mtu asiyemjua. *Trrrrrr.*

"Randa!" Sauti haikufika popote. Ikabidi akimbie uani, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa msichana.

Randa alikuwa akinoa patasi. Mkewe alikuwa amejipinda kwenye bomba, akifungulia koki ya kujaza tangi, maana maji ya mji yalitoka mara mbili tu kwa wiki na leo ndiyo siku.

"Wifi, funga hayo maji! Nguzo inaliwa!"

"Nani kasema?"

"Yenyewe!"

Mume na mke wakatazamana. "Dada," Randa akasema kwa upole wa kumuudhi mtu, "umevuta moshi wa risasi asubuhi nzima. Kanywe maji, ukalale."

"Njoo usikie kwanza, halafu unizike."

Akaja, kwa kuwa ni dada yake mkubwa. Akasikiliza mikono kiunoni. *Kwaru, kwaru.*

"Huo ni umeme unakwaruza."

"Umeme gani? Hiyo ni betri!"

"Basi betri mbovu." Akaipiga nguzo kofi. *Trrrrrr,* ikasema spika, na mkono wa Randa ukabaki hewani. Akautia mfukoni haraka. "Dada, mti huu niliuchagua mwenyewe. Ukisema mti wangu unaliwa, mtaani nitatoka na uso gani?"

"Na tangi likitudondokea utatoka na kichwa gani?"

Juu yao maji yalikuwa yakiporomoka tangini, mazito, bila haraka.

Pasi hakubishana tena. Alikibandua kisahani kwa kisu, akakishikiza kwenye mlango wa chuma. Kimya cha kaburi. Akakishikiza ukutani. Kimya. Akakirudisha nguzoni, akakikandamiza kwa dole gumba lake gumu. *Kwaru-kwaru-kwaru.* Alimtazama tu mdogo wake, kama alivyomtazama zamani alipomkuta na sukari kwenye mashavu.

Uso ulimwiva Randa, kisha ukampauka. Na hapo, katikati ya kutafuna kule, spika ikatoa mlio mwingine, mmoja, mkavu: *ka!*

Bila spika, chumbani hakuna ambaye angesikia kitu. Rangi ya kijani ilikuwa palepale, inang'aa. Lakini Randa alikuwa amepasua mbao maisha yake yote, na mlio ule aliujua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Alichomoa bisibisi kiunoni, akaisukuma nguzoni kwa mkono mmoja tu. Ikazama hadi mpini, kama kwenye boga lililooza. Mchwa weupe wakamwagika kifundoni mwake, walewale waliokuwa wakigongesha vichwa kila nguzo ilipogongwa.

"Mke wangu!" Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Funga maji! Fungulia koki ya chini! Mwaga yote!"

Wakatoka mbio wote wawili, mashati mikononi mwa Pasi bila yeye kujua ameyabeba kwa nini. Wifi akazungusha koki, maji yakashuka uani kama yamefunguliwa kutoka mbinguni. Majirani wakaja na ndoo bila kuuliza. Bata wa jirani wakaogelea hadi barabarani. Tangi lilipobaki tupu, Randa akaweka gogo la kuegemeza, akaikata nguzo. Ndani hamkuwa na mti. Mlikuwa na udongo, njia za mchwa, na hewa. Kilichobeba tangi lile, kwa kadiri walivyoona, ni rangi.

Randa aliketi kwenye tope, patasi magotini. Mkewe alitaka kumtania, akaona macho yake, akaacha.

"Dada."

"Naam."

"Kutoka gogo la nguzo hii nilipasua mbao nyingi. Kitanda cha fundi viatu. Milango ya mwalimu. Kabati la mama mkunga." Alikuwa akihesabu kwa vidole, na vidole vikamwishia. "Nimewaambia wote kwamba mti wangu hauliwi."

Pasi aliketi topeni kando yake.

"Hiyo betri yako," Randa akauliza, "bado ina nguvu?"

"Ina nguvu."

Randa akainuka, akaifunga spika kifuani kwa kamba, akakitia kisahani mfuko wa shati, akatoka na matope yake yote. Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi viatu, aliyefungua akiwa na msumari mdomoni.

"Nimekuja kukiri kosa," Randa akasema. "Naomba nikisikilize kitanda chako."

Msumari ukamdondoka fundi viatu.