Yai la Mama Mkwe na Kichwa cha Mume Wangu

Jamani, nimeshika yai la kuchemsha na sijui nilile au nilirudishe sufuriani.

Nina mimba ya miezi sita. Asubuhi nilikwenda kliniki na mama mkwe, aliyekuja hapa Rahaleo juzi kutoka kijijini kunitunza. Tangu afike hajaniruhusu kugusa yai. Kwao mjamzito akila mayai, mtoto huzaliwa na kipara.

Nesi akaniambia, "Kula yai kila siku. Na samaki, na mboga za majani."

Mama mkwe akaitikia, "Sawa, mwanangu," kwa adabu zote. Nikashangilia moyoni.

Tumefika nyumbani, kachemsha mayai mawili ya kuku wake, aliyokuja nayo kutoka kijijini. Yote kampa mume wangu! Mie nimewekewa ugali wa muhogo na kisamvu.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, si umemsikia nesi?"

Alimwendea mwanawe, akamvua kofia.

"Mimba ya huyu nilikula mayai. Tazama."

Ndugu zangu, kichwa kinang'aa! Na mwenyewe ana miaka thelathini na moja tu. (Anatafuna zake, utadhani anasemwa jirani.)

Nikajua kesi imeisha. Mara mama akachukua yai la pili kwenye sahani ya mwanawe, akalimenya, akaniwekea mkononi.

"Lakini tangu nimzae hajawahi kulazwa. Kula."

Sasa hapo nimekatazwa au nimeruhusiwa?

Nyie mliokula mayai mkiwa na mimba, semeni ukweli, watoto wana nywele? Jibuni upesi. Mwenye kipara ameshaanza kuliangalia yai langu.