Riali Kwenye Nywele za Lakshmi

Jamani, aibu hii nimeificha hata kwa mume wangu, lakini leo nakuambieni, chekeni mmalize.

Lakshmi, mwenzangu wa kazini, alinialika kwao, mtaa wa Hail, nikamsikilize akiimba nyimbo za jadi za Kihindi mbele ya mwalimu wake, na siku hiyo ndiyo angeambiwa kama sasa aweza kuimba mbele za watu au arudi kusoma (miaka kumi na moja keshasoma, masikini), nami nikamwahidi nitakaa kimya. Nikamchukua na shangazi yangu, Bi Zuwena, maana peke yangu nliona haya.

Tukakaa chini na wageni wengine, mbele kabisa. Lakshmi kafumba macho, anavuta sauti taratibu, maneno hamna, na miye sijui hata anaomba nini, lakini moyo ukanilainika, nikamkumbuka marehemu mama na uradi wake baada ya alfajiri, machozi hayo. Sasa sisi wa taarabu mnatujua, wimbo ukikugusa hukai, unainuka ukamtunze mwimbaji. Nikafungua pochi.

Nikaenda kwa madaha, bega hili, bega lile, nikamchomeka Lakshmi riali kwenye nywele, kugeuka tu abaya langu likazoa sinia la maua lililokuwa mbele ya mwalimu, na shangazi kuona nimefungua njia, huyo naye anakuja, noti juu, kigelegele mdomoni. Watu wote macho kwetu.

"Shangazi, kaa, hapa hawatunzi."

"Mbona wewe umetunza?" (Kwa sauti ya kusikika mpaka Hamriya, upande wa pili wa mji.)

Nikamvuta mkono, tukaketi. Nimeshamharibia mwenzangu miaka kumi na moja kwa riali moja.

Lakshmi akaimba mpaka mwisho. Alipofumbua macho akayaona maua yametapakaa, akajishika nywele. "Nani kaniwekea hii?"

Mwalimu, mzee ambaye hata kutabasamu sijamwona, akamtazama. "Hukusikia kitu?"

"Kitu gani?"

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Basi umemaliza kusoma. Siku zote nakwambia uimbe mpaka mbaki wewe na Mungu wako tu."

Lakshmi akalia, akanikumbatia, nami nikalia kwa furaha, na shangazi akaona sasa ndiyo zamu yake, akamtunza.

Tangu siku ile nikialikwa huko pochi naiacha garini, ya shangazi pia. Kigelegele chake ndicho sijajua nikifungie wapi.