Nilikwenda Newala kutafiti msiba, kila mama akanijibu "tumeshapoa"

Wakuu, wanaostahili shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi. Niko na chai yangu hapa, natulia. Hili ni langu mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Nasoma masters ya saikolojia. Kabla hujauliza: hapana, siwezi kusoma unachowaza. Nyumbani Lulindi nikirudi tu, mjomba ananikazia macho, "Haya, nawaza nini?"

Unawaza ugali, mjomba. Siku zote ni ugali.

Basi, utafiti wangu ulihusu huzuni ya akina mama waliofiwa. Nikachagua Newala kwa sababu marehemu mama yangu alifundisha shule kule miaka mingi, nikajua nitapokelewa. Mama alikuwa hajatimiza mwaka tangu tumzike.

Kupokelewa, nilipokelewa. Shida ikaanzia hapo hapo mlangoni.

Kila nyumba, nikishaamkia tu: "Wewe si binti wa Mwalimu? Pole mwanangu, tulisikia."

Na mimi, kwa kuwa idarani tulifundishwa mtafiti haleti mambo yake kwenye mahojiano, najibu chapchap, "Asante mama, tumeshapoa." Halafu natoa dodoso, swali la kwanza.

Nao wakanijibu hivyo hivyo. Usingizi unapata? "Tumeshapoa." Unamkumbuka zaidi wakati gani? "Aa, mwanangu, tumeshapoa."

Nyumba baada ya nyumba, jamani!

Nikampigia supervisor. Akasema kwa data hizo hakuna tasnifu, nirudi chuoni tubadili mada. Yaani kazi yote ile, bure. Nilisonya simu ilipokatika, nikapanda bodaboda kwenda nyumba ya mwisho, kwa Mama Hamisi.

Huyo Hamisi ndiye aliyefariki. Mama bado anaitwa kwa jina lake.

Nikamkuta jikoni, ming'oko inachemka. (Kwa wasio wa kusini: ni mizizi ya porini, tunachemsha, tunamenya, tunakula.) Akanipa pole. Nikajibu kama kawaida yangu.

Akaniangalia weee.

"Umepoa wapi wewe? Hebu weka hayo makaratasi. Mwalimu alipenda kula nini?"

Nilitaka kumwambia niko kazini. Nikajikuta nasema, "Hiyo hiyo ming'oko, mama." Nikamwambia alivyokuwa akiila ofisini kwa kujificha, maganda anayatia kwenye mkoba. Na kwamba baada ya mazishi niliufungua ule mkoba, nikayakuta, yamekauka. Sikuwahi kumwambia mtu.

Wakuu, nililia. Mtafiti mzima, kamasi juu ya dodoso.

Mama Hamisi akanimenyea mmoja, akanipa.

Nilipotulia akaanza yeye. Hamisi ming'oko hata umchape hali, anataka wali tu, na ukiungua ndio anafurahi, anagombania ukoko na dada zake. Aliongea mpaka moto ukazimika. Akacheka, akalia, akacheka tena.

Nikarudi nyumba zote. Safari hii nikipewa pole nakaa chini, naipokea, nasimulia kwanza habari za mama yangu. Wakaongea!

Kwenye tasnifu niliandika wazi kwamba nililia. Jopo lilinibana kweli kweli. Nimepita, kwa marekebisho.

Nilichojifunza: ile "tumeshapoa" tunaisema ili anayetupa pole asipate tabu. Mimi niliisema karibu mwaka mzima, na nilikuwa sijapoa hata kidogo.

Karibuni kwenye comments. Kama umefiwa, usiniandikie umeshapoa. Mtaje jina, halafu niambie alipenda kula nini.

Wa kwangu anaitwa Agnesi. Ming'oko, kwa chumvi na pilipili.