Shu ya Manjano mu Nyumba ya Kilio

Mukono yangu inajua kupika shu ya Kihindi kupita kichwa yangu. Shu ni kabichi, huku Lubumbashi tunaitaka vile. Bantu bananiulizaka: «Mama, unaweka nini mule?» Ninaanza kueleza, ninakosa maneno. Lakini munipe mbabula yenye makala mekundu, chungu na kisu, kisha munyamaze, mutakula. Masomo sikusoma mingi. Baba yangu alikuwa mufanyakazi wa reli, akasomesha bandugu zangu banaume, siye banabake akatutuma ku maji. Sioni haya kusema vile. Nimelea batoto, ninalea na batoto ya batoto, na hakuna hata mumoja mwenye alilala njaa mu nyumba yangu hapa Bel-Air.

Ile shu nilifundishwa na mama mumoja Muhindi. Mbele nilikuwa ninamufulia nguo, kisha akaniingiza mu jiko yake. Bwana yake alikuwa na duka ya vitambaa, na beye balikuwa banaishi nyuma ya duka. Alikuwa mufupi, mukali, macho kila fasi. Siku ya kwanza nilikata shu vile tunakataka kwetu. Akashika kipande kimoja, akakiinua juu, akakiangalia.

«Hii ni ya nani? Ya ngombe?»

«Ya bantu, madamu. Bantu beko na meno.»

Alinikazia macho, kisha akacheka mpaka akashika meza. Pale nilijua tutakaa pamoja.

Yeye alikuwa anakata nyembamba kama nyuzi. Anapasha mafuta mpaka inatetemeka, anatupa mbegu za haradali, nyeusi, ndogo kabisa. Kisha anangoja. Kazi yote iko pale, mu kungoja. Mbegu zinanyamaza, zinanyamaza, mara moja inapasuka, zingine zinafuata, ta-ta-ta-ta, zinaruka mpaka ku ukuta. Halafu jira, pilipili mubichi ya kupasua, manjano kidogo, shu, chumvi. Maji, hata tone hapana. Unageuza mbio mbio, unafunika kidogo, unatoa mbele haijalegea. Ile shu haikuwa chakula yenyewe. Alikuwa anaiweka pembeni ya wali na dengu, kidogo tu, vile siye tunawekaka pilipili pembeni ya bukari, ugali yetu.

«Mbegu zikikataa kupasuka, mwaga, anza tena,» alikuwa ananiambia. «Kama jirani hakusikia, haujapika.»

Nikaileta ku nyumba. Bwana yangu akatafuna, akaweka mukono chini. «Mama, hii shu iko mubichi.» Kwetu shu inaiva na tomati mpaka inakuwa kama uji. Lakini akamaliza sahani. Na kila siku ya Mungu, tukitoka ku misa, akawa anauliza: «Ile yako mubichi iko wapi?»

Alipokufa, tulilia kilio vile bantu ya kwetu banaliaka. Moto mukubwa mu lupango, mu uwanja ya nyumba, vyungu vikubwa, bamama banapika usiku na muchana, moshi mpaka mu macho ya maiti. Kilio yenye haina moto, kwetu ni kilio ya muntu mwenye hakuna mwenye alimupenda. Mimi nilikaa chini ku mukeka, mudomo imefunga. Dada zangu banabembeleza, bashemeki, bandugu ya bwana yangu, banakaripia, sili. Ndipo yule mama Muhindi akaingia mu lupango, nguo nyeupe, peke yake. Hakulaka nyama, hakulaka samaki. Akakaa chini ku mukeka karibu yangu, akaitisha bukari na majani ya lengalenga, akamega na mukono kama siye, akanitia tonge mu mukono.

«Kula. Mimi ninakuangalia.»

Nilikula juu ya haya, mbele ya mugeni. Lakini nilikula, na niko hapa.

Sasa mwaka huu, mvua ikiwa imekazana, bwana ya yule mama Muhindi naye akafa. Mimi nimekwisha kuacha kazi, miguu imekataa. Bibi ya mutoto wake mwanaume, mukamwana wake, ndiye alinipigia simu.

«Mama, mama mukwe hali kitu. Maji ya sukari tu. Analala anaangalia ukuta. Tunaogopa atamufuata muzee.»

Sikuuliza mara mbili. Mutoto yangu mwenye anafanyaka kazi ku mugodi ya Kinsevere alikuwa amepitia, akaniletea shu mbili za kukaza, zile za ku barabara ya Kasomeno. Nikakata kama nyuzi. Mafuta ikatetemeka. Mbegu zikapasuka vizuri kabisa, ta-ta-ta-ta, mpaka mujukuu wangu mwanamuke akatoa kichwa mu dirisha: «Kambo, kuko fete, kuko karamu?» Nikamufukuza. Nikafunga chungu mu kitambaa, nikavaa kikwembe, kitenge yangu ya kilio, nikapanda taxi. Nilikuwa najiambia: akisikia harufu tu, atainuka.

Ku mulango bibi ya mutoto wake akafungua kidogo. Nyumba ilikuwa baridi. Hapana moto, hapana chungu, hapana moshi. Sakafu imetandikwa nguo nyeupe, bantu bamekaa, sauti hakuna. Akasikia harufu ya chungu, akashika mudomo.

«Mama, umekaanga na mbegu?»

«Sasa ningekaanga na nini? Na mawe?»

«Mama, pole.» Akatoka inje, akavuta mulango nyuma yake. «Siku za kilio hatutupake mbegu mu mafuta. Ile ni chakula ya nyumba yenye iko na furaha. Moto hatuwashake. Bandugu banatuletea wali na dengu ya kuchemsha, basi. Mama mukwe akisikia hii harufu...»

Alikwisha kusikia. Toka mule ndani sauti yake ikatoka, ndogo, yenye imekauka: «Peleka. Peleka hiyo mbali.»

Miaka yote nilipika mu ile jiko, na hakuna mwenye aliniambia vile. Mu ile nyumba hakukuwa kilio wakati wangu, ningejua wapi? Nikashika chungu yangu, nikarudi ku taxi. Uso ilikuwa inawaka kama nimepigwa kofi. Mimi mwenye ninajua moto ndiyo heshima ya maiti, nimepeleka ngoma mu nyumba ya kilio.

Mujukuu wangu aliona chungu inarudi vile ilienda. Akaenda kusonga bukari.

«Kambo, bamekataa? Siye tutakula.»

«Kula, ufunge mudomo yako.»

«Na yule mama?»

Nilikaa ku kiti kidogo ya jiko, nikamuangalia anakula. Ile «peleka» ilinichoma, sitasema uongo. Mama mwingine angesema basi, nimeenda, bamenifukuza, deni imekwisha. Lakini nilikuwa naona ile tonge mu mukono yangu, siku ya bwana yangu. Yeye alinilisha chakula yetu vile siye tunalaka mu kilio. Hakuleta yake.

Asubui nikakata ile shu ingine. Nikaweka maji mu chungu, maji, kile kintu alinikataza miaka yote. Manjano, chumvi, shu. Hapana jira, hapana pilipili. Mukono ikaenda yenyewe ku kopo ya mbegu, nikaipiga na mukono mwingine. Chungu ilichemka kimya kimya. Sijapikaka kintu kwa huzuni kama ile. Ikaiva, ikalegea, rangi ya manjano, harufu kama ya mugonjwa. Nikaonja. Ilikuwa mubaya. Nikafunga, nikaenda.

Bibi ya mutoto wake akafunua kifuniko, akaangalia, akafungua mulango yote.

Yule mama alikuwa chini, mugongo ku ukuta. Amekuwa mudogo, muntu angemubeba mu kitambaa. Nikavua viatu, nikashuka polepole, magoti inalia, nikakaa karibu yake. Sikusema pole. Nikachanganya wali na ile shu, nikaitia mu mukono yake.

«Kula, mama. Mimi ninakuangalia.»

Akaangalia mukono yake wakati murefu. Nilikuwa nawaza: akikataa leo, siku ya kurudi itakuwa ya kumuzika. Inje mvua ilikuwa inapiga mabati. Kisha akainua mukono, akatia mu mudomo, akatafuna kama muntu mwenye amesahau. Akameza. Bibi ya mutoto wake akageuka ku ukuta, mabega yake yanatikisika. Mimi nikatengeneza tonge ingine.

Nilirudi kila asubui na ile shu yangu ya maji, mpaka kilio ikaisha.

Siku ya kumaliza, balifungua madirisha, bakaosha sakafu, bakawasha moto. Akaniita mu jiko. Alisimama anashika meza. Bibi ya mutoto wake alikwisha kupasha mafuta, na shu nilikuwa nimekata mimi, juu nilifika mbele ya bote. Mbegu zilikuwa mu mukono yake, akaninyooshea.

«Tupa weye,» akaniambia.

«Hapana. Ni nyumba yako.»

Akatupa. Mbegu zikaingia mu mafuta, zikanyamaza. Tulingoja. Nikafikiri: zikikataa leo, huyu mama hataanza tena. Moja ikapasuka. Kisha zote, ta-ta-ta-ta, mpaka ku ukuta, na yeye akafunga macho, machozi yanashuka, hapangusi. Bwana yake alikuwa anakaaka ku duka pale mbele, na akisikia zile mbegu alikuwa anakuja bila kuitwa. Tulisikia sote vile mulango ya duka ilibakia kimya.

Kisha akafungua macho. Akachukua shu ku ubao kwa vidole viwili, akaiinua ku dirisha yenye mwangaza.

«Umekata munene.»

«Basi kata weye.»

Akachukua kisu.