Gauni Lisilo na Kola

Fundi cherehani wa pale kona hukupima shingo hata kama unashonewa suruali, na kipimo chenyewe hakiandiki popote. Mkewe, anayekaa pembeni akitia vifungo, amechoka kuwaeleza wateja. Tangu saratani ya koo imnyang'anye sauti, mumewe ana tundu shingoni, na ili aseme lazima alizibe kwa kidole gumba. Mkono ukiwa kooni kazi inalala, kwa hiyo haongei ovyo. Kabla ya futi, vidole vyake viwili hupita polepole chini ya taya na nyuma ya masikio, kama anayetafuta sindano iliyopotelea kitambaani.

"Fundi, gauni langu halina kola!" mwalimu mmoja alimcheka. Vidole vilikuwa vimesimama chini ya sikio lake. Fundi akaiachia futi, akaziba tundu. "Hiki kivimbe kina muda gani?" sauti ikakwaruza. "Kama miezi miwili, ila hakiumi." "Changu pia hakikuuma. Kesho nenda hospitali. Gauni litakungoja." Gauni likashonwa, likaning'inia ukutani miezi mitano, na kila Jumamosi mke wa fundi alilipangusa vumbi. Jana mwalimu aliingia, amekonda, kovu limeshuka kutoka sikioni, meno yote nje. "Daktari kasema niliwahi. Sasa fundi, lile gauni nitilie kola." Mabega ya fundi yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Akaizungusha futi shingoni mwa mwalimu, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika.